Kiguunanjia na Shuka la Mama

Jina la Kiguunanjia alipewa na mama yetu kabla hajaota meno ya kutosha kujitetea. Dada yangu hakuwa mtoto wa kukaa. Ukimweka kitandani unamkuta mlangoni, ukifunga mlango unamkuta dirishani. Mama husema hata tumboni alipiga mateke kwa mpigo maalumu, si ovyo ovyo kama yule mwingine aliyemfuata. Yule mwingine ni mimi, na mateke yangu hayana umuhimu katika habari hii.

Tuliishi katika vyumba viwili vilivyotazama ua wa pamoja, wenye bomba moja, majirani wengi, na kamba za kuanikia zilizokatiza kila upande, hata mgeni mrefu aliingia kwetu akiwa ameinama kama anayeomba radhi. Ua ule ndio ulikuwa chuo cha dansi cha dada yangu, na ndicho chuo pekee kilichowahi kumfikisha popote mtu wa familia yetu.

Masomo yalikuwa watu. Jirani mwenye kiuno kibovu akipita kwenda bombani, Kiguunanjia alipita nyuma yake na kiuno kilekile. Mwenye nyumba akija kukagua kuta, alikaguliwa yeye kwanza: tumbo mbele, mikono nyuma, kidevu juu. Baba alikuwa karani wa ghala, mtu mpole ambaye maisha yake yote alitafuta miwani. Alianza kwa kupapasa mfuko wa shati, akaja kwenye mifuko ya suruali, akainua mto, akamtazama paka kwa tuhuma, na mwisho kabisa akagusa paji la uso, ambako miwani ilikuwa imekaa tangu asubuhi ikimsikiliza. Dada aliigiza safari hiyo yote bila kuruka kituo. Tulicheka hadi tukapaliwa, na Baba mwenyewe akacheka, kisha akauliza kama kuna mtu ameona miwani yake.

Dada alichapwa kwa hilo, bila shaka. Kuiga watu ni utovu wa adabu mpaka siku utakapolipwa mshahara. Kuanzia hapo huitwa sanaa.

Mtu mmoja tu ambaye dada hakuwahi kumwiga hadharani ni Mama. Mama alikuwa dobi wa hoteli kubwa ya mjini, kule chini kabisa kwenye chumba cha kufulia, ambako wageni hawafiki na joto halitoki. Alirudi nyumbani amefua mashuka ya watu wa dunia nzima, kisha akafua yetu. Alipokung'uta shuka kabla ya kulianika, lilitoa mlio, *paa!*, na kuku wa ua mzima wakaitikia. Kumwiga mwanamke mwenye kifundo cha mkono kama kile si ujasiri, ni kuchoka kuishi.

Basi, akakua. Siku ya usaili kwenye jumba la maonyesho walijaa vijana waliosomea dansi, wamevaa nguo za kubana, wameegemeza miguu ukutani. Dada alifika na gauni la kuendea sokoni. Kundi lenye jumba lile lilikuwa la michezo ya jukwaani ile ya kuimba na kucheza, ambapo mtu hawezi kuomba chumvi bila bendi kuanza, na mtunga dansi wao alikuwa bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Bwana Hisia, kwa sababu hakuwa na maneno mengine. Aliwaonyesha kipande kifupi: mkono huku, mguu kule, zunguka. Alipomaliza alikohoa na kupandisha suruali.

Vijana wote wakacheza kile kipande. Dada akacheza kile kipande, akakohoa, akapandisha suruali ambayo hakuwa nayo.

Ukumbi mzima uliangua kicheko, ukimtoa mwenye suruali. Mwongozaji wa kundi, mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni kama mwamuzi wa mpira, alipuliza.

"Huyo aliyekohoa abaki," alisema.

Akabaki. Alibaki miaka, na miaka yote hiyo alicheza safu ya nyuma. Usidhani safu ya nyuma ni jalala. Nyota akikosea, watu husema amebuni. Wa safu ya nyuma akikosea, watu wanaona. Kiguunanjia hakuwahi kuonekana, na hiyo kwa watu wa kazi ile ni sifa kubwa kuliko ua la kutupiwa miguuni. Alicheza mvua. Alicheza ukuta wa mji. Alicheza askari wa adui aliyekufa upesi upande huu ili awahi kufa tena upande wa pili.

Na kila mchezo mpya, siku ya kwanza, Mama alikaa safu ya tatu, katikati, na gauni lake la bluu lililopigwa pasi mpaka likasalimu amri. Alipiga makofi mahali pasipopigwa makofi. Alimgusa bega mtu wa mbele asiyemjua.

"Unamwona yule? Wa pembeni, nyuma ya yule mrefu? Wangu."

"Mama, wote wamevaa vinyago," nilimwambia.

"Mtoto nimemzaa mimi. Namjua kwa visigino."

Na kweli alimjua. Kiguunanjia akikanyaga, kisigino chake hufika sakafuni nyuma kidogo ya mguu wenyewe, kama mtu anayefunga mlango taratibu asiamshe wenzake. Mama alikiona kisigino hicho kwenye mvua, akakiona kwenye ukuta wa mji. Mwaka ule wa mchezo wenye mbwa mwitu, mnyama aliyehitaji watu wawili ndani ya manyoya mamoja, Mama alimsubiri mlangoni akamkumbatia kwa nguvu.

"Nilijua tu kwamba wewe ndiye makalio!"

Kesho yake wanawake wote wa chumba cha kufulia walijua kwamba makalio ya mbwa mwitu ni ya binti wa mwenzao, na kwamba bila makalio mbwa haendi popote.

Ni mbwa huyo aliyemmaliza goti. Ukiwa nusu ya nyuma ya mnyama unacheza umeinama muda wote, na anayekuongoza hana macho nyuma. Siku moja yule wa mbele aliruka bila kuaga, goti la dada likalia kama kijiti kikavu. Daktari alilibonyeza huku na huku, akatikisa kichwa.

"Goti hili limeshastaafu, dada. Lilikuwa linakusubiri wewe tu upate habari."

Hakumwambia Mama. Mimi nilijua, nikanyamaza, maana nilielewa sababu yake vizuri kuliko nilivyopenda. Mama alikuwa na watoto wawili: mmoja anacheza jukwaani, mwingine ameacha chuo kikuu. Hesabu mwenyewe ni yupi aliyekuwa akimpandisha kichwa kule kwenye chumba cha kufulia.

Filimbi, yule mwongozaji, hakumfukuza. Alimpa kazi ya kuwafundisha wapya dansi ambazo Bwana Hisia ametunga. Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga, kwa sababu wapya walikuwa hawamwelewi Bwana Hisia hata kidogo. Bwana yule alisimama mbele yao na kusema, "Toa upweke wako kupitia bega la kushoto," na vijana wakatazamana kila mmoja akikagua bega lake. Bwana Hisia akiondoka kwenda kunywa chai, Kiguunanjia alikaa juu ya kiti chake kirefu, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akawatafsiria.

"Sikilizeni, wapendwa. Hapa ni *Baba anatafuta miwani*. Mfuko, mfuko, mto, paka. Halafu *mwenye nyumba anakagua*. Halafu *jirani ana kiuno na ndoo imejaa*. Haya, muziki!"

Walicheza kama wamezaliwa nayo. Kila nyumba ina mtu anayetafuta miwani. Punde ukumbi mzima wa mazoezi ulizungumza lugha ya ua wetu, na kijana ambaye hajawahi kutia mguu kwetu alimwambia mwenzake, "Wewe, paka wako amechelewa!"

Ndipo ukaja mchezo wa hoteli. Ulihusu wafanyakazi wa hoteli moja wanaopendana na kugombana kwa nyimbo, na katika sehemu ya pili palikuwa na dansi kubwa ya chumba cha kufulia. Bwana Hisia aliitunga akiwafanya madobi kuwa mawingu. Walielea. Walitanda. Wakatoa upweke. Filimbi alitazama mazoezi hadi mwisho akiwa ametafuna kamba ya filimbi yake.

"Mawingu yanafua nini?" aliuliza.

"Yanafua roho," alisema Bwana Hisia.

Filimbi akamgeukia dada yangu. "Wewe wa kiti kirefu. Mama yako si dobi?"

"Ni dobi."

"Nitungie hii dansi. Ikishika watu siku ya kwanza, ni yako, na zijazo ni zako. Watu wakilala, siku ya pili narudisha mawingu, na wewe utanisamehe, sina tena kazi ya kukupa. Jukwaani goti limekukataa. Na kufundisha tu, hawa wanaotupa pesa wanasema yeyote anaweza."

"Nimekubali," alisema Kiguunanjia, kabla goti halijaombwa maoni.

Huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe. Ama awe mtunga dansi, ama awe mtu aliyewahi kuwa makalio ya mbwa mwitu.

Alitunga kwa kutumia ua wote. Baba akaingia, mwenye nyumba akaingia, kiuno cha jirani kikapewa nafasi yake ya heshima. Lakini moyo wa dansi ulikuwa shuka, na shuka likakataa kulia. Vijana walilishika pembe, wakalirusha, wakalivuta kwa nguvu zao zote, likatoa sauti ya mzee anayeshusha pumzi. Wakalilowesha. Hapo lililia kidogo, ila maji yakatapakaa sakafuni, na msichana mmoja akateleza kwa matako kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine, jambo lililopendeza sana lakini halikuwa kwenye dansi.

Jumapili Kiguunanjia akaja nyumbani. Mama alikuwa uani na beseni lake. Dada akaegemea nguzo ya kamba kama mtu asiye na shida yoyote duniani.

"Mama, hivi shuka hulia vipi?"

"Kwa sauti."

"Nauliza kweli."

"Kwa nini? Umeanza kufulia watu?"

"Ni ya kwenye mchezo. Mchezo mpya una madobi."

Mama akasimama wima taratibu, mkono kiunoni, povu likimtiririka kwenye kiwiko.

"Unacheza dobi?"

Dada angeweza kusema ukweli pale pale. Alifungua hata mdomo. Lakini uso wa Mama ulikuwa umeshawaka, na nani ana moyo wa kuzima taa ya namna ile?

"Kuna dobi," alisema.

"Hatimaye!" Mama alipaza sauti hadi kuku wakajiandaa. "Hatimaye wamekupa sehemu yenye mikono! Njoo hapa. Shika huku. Unalivuta kwa nini, ni mwizi? Shuka halivutwi, mwanangu. Shuka linatumwa. Likifika kule mwisho, wewe unaliita, mara moja, kwa kifundo. Na lisiwe limelowa chepechepe, wala lisikauke. Liwe na maji ya kukumbuka tu kwamba lilifuliwa. Tazama."

*Paa!*

Kiguunanjia hakutazama shuka. Alitazama namna Mama alivyokagua mbingu kwanza kama mvua ina mpango wowote. Alitazama mkono ukienda kiunoni, ule msemo mfupi ambao Mama huliambia shuka kabla ya kulirusha, na ile hatua moja ya kurudi nyuma ya mtu anayeipa kazi nafasi yake. Alitazama kama anavyotazama mwizi nyumba yenye mbwa. Kisha akaenda zake akichechemea kwa siri.

Mama naye hakulaza damu. Kufikia katikati ya wiki, chumba kizima cha kufulia kilikuwa na tiketi.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi alasiri. Nilikaa safu ya tatu kati ya Baba na mwanamke mmoja wa zamu ya pasi, aliyenukia wanga na marashi. Wanawake wa kufulia walikuwa wamepamba safu nzima, na walizungumza kama walivyozoea kuzungumza, yaani kwa sauti ya kushinda ngurumo za mashine. Mama alikaa katikati yao kama bibi harusi.

"Mtamwona tu," aliwaambia. "Visigino."

Sehemu ya kwanza ikaanza. Meneja wa hoteli akaimba. Mpishi akaimba. Wahudumu wakacheza na masinia. Mama alisogea mbele kwenye kiti, akasogea tena, hadi akabaki amekaliwa na kiti badala ya yeye kukikalia.

"Yuko wapi?" alinong'ona mwanamke wa pasi.

"Anakuja."

Hakuja. Taa za mapumziko zilipowaka, Mama alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani. Nilimfuata, kwa sababu namjua Mama akishika mkoba kwapani. Alipita mlango ulioandikwa *Hairuhusiwi* kama mtu anayeingia jikoni kwake, akakutana uso kwa uso na Filimbi.

"Wewe ndiye mkubwa wa hapa?"

"Ni mimi, mama yangu. Karibu, ila huku hatu..."

"Umemficha wapi mwanangu?"

"Mwanao yupi?"

"Mrefu kiasi, mweusi wa kung'aa, visigino taratibu. Miaka yote hii nakuletea makofi bila kukosa, leo nimekuletea na wenzangu, na sehemu nzima imepita sijamwona! Kama mmemvalisha kitu, niambie amevaa nini."

Filimbi alinyoosha kidole. Pembeni, penye pazia jeusi, Kiguunanjia alikuwa amekaa kwenye kiti chake kirefu na suruali ya kawaida kabisa, chupa ya kunyunyizia mkononi, akilowesha mashuka yaliyorundikwa mapajani. Maji ya kukumbuka tu.

"Mbona hujavaa?" Mama aliuliza.

"Sichezi, Mama."

"Nani kakutoa?"

"Goti."

"Goti la nani?"

"Langu. Tangu yule mbwa mwitu."

Mama akamtazama goti, akamtazama usoni, akarudi gotini.

"Na siku zote hizo ulizoniambia kwamba unakwenda mazoezini?"

"Nilikuwa nakwenda. Nafundisha. Na hii dansi inayokuja nimeitunga mimi. Yote. Kila mguu utakaouona."

"Kwa hiyo wewe utakuwa wapi?"

"Hapa. Nyuma ya pazia."

"Kwa hiyo nimewatoa wanawake wa watu majumbani kwao," alisema Mama polepole, "waje kumtazama mtu aliye nyuma ya pazia."

Kengele ikalia. Dada alikuwa ameishika ile chupa kwa mikono miwili, na nyuma yake vijana walioshikilia mashuka walikuwa wametulia kama picha, maana walisikia kila kitu. Mama aligeuka akaondoka bila neno. Mama bila neno ni jambo zito. Baba mwenyewe ameliona mara chache, na kila mara alihamia kwa rafiki yake mpaka lipite.

Tulikaa. Mama alikunja mikono kifuani.

"Vipi?" aliuliza mwanamke wa pasi.

"Tazama mbele," alisema Mama.

Pazia likafunguka. Jukwaa jeupe, kamba zimekatiza kila upande, madobi wameinama kwenye mabeseni. Bendi ilianza kwa ngoma ndogo tu, *tuku-tuku-tuku*, kama mashine kuukuu. Akaja mwenye nyumba, tumbo mbele. Kimya. Ikaja ndoo na kiuno. Kimya. Mtu mmoja nyuma yangu alifungua pipi, na karatasi yake ikasikika kuliko bendi. Unajua ukumbi unapokuwa haujaamua kama unaruhusiwa kucheka? Ndivyo tulivyokuwa. Kwenye ukingo wa pazia jeusi niliona kipande cha filimbi kikiwa kati ya meno.

Halafu yule kijana aliyecheza karani wa hoteli akatoka peke yake mbele. Akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa suruali. Akainua mto.

"Mzee," mwanamke wa pasi alimnong'oneza Baba, aliyekuwa muda wote akijipapasa kwa sababu jukwaa halionekani vizuri, "unatafuta nini?"

"Miwani yangu. Sijui nimeiweka..."

"Iko kichwani, Mzee."

Baba akagusa paji la uso. Na pale jukwaani, kwa sekunde ileile, kijana naye akagusa la kwake.

Safu ya tatu ililipuka. Safu ya nne iliyaona yote mawili, ikalipuka pia, na kicheko kikapanda nyuma kama moto kwenye nyasi. Baba alivaa miwani yake, akamwona yule kijana, akacheka kwa kumsikitikia, maskini, kuna watu wasahaulifu.

Mama hakucheka. Mikono ilikuwa bado kifuani.

Ndipo madobi wote, wanaume kwa wanawake, wakasimama kwa mstari, kila mmoja na shuka lake. Wakainua macho wakakagua mbingu. Mkono wa kushoto ukaenda kiunoni. Wakainamisha kichwa wakaliambia shuka neno moja. Hatua moja nyuma.

*Paa!*

Niliona mikono ya Mama ikifunguka yenyewe.

"Huyo ni mimi," alisema. Hakunong'ona. Mama hajui kunong'ona. Anajua tu kupunguza. "Huyo ni mimi!"

"Yupi?" aliuliza mwanamke wa pasi.

"Wote!"

"Haki ya Mungu ni wewe! Tazama kiuno! Jamani, tazameni, anavyolisema shuka!"

Sasa ukumbi mzima ulikuwa unachungulia safu ya tatu na jukwaa kwa zamu. Vijana jukwaani, ambao dada aliwafundisha kwamba hata jumba likiungua wasikose hesabu, hawakukosa. Mbingu, kiuno, neno, hatua. Mama akasimama. Nilimshika gauni, nikakumbuka ni gauni la nani, nikaliachia. Akavua mtandio wake, akakagua dari, akaweka mkono kiunoni, akauambia mtandio kitu ambacho sitakirudia, akautuma.

*Paa!* Mashuka yote na mtandio mmoja, kwa pamoja.

Wanawake wa kufulia wakasimama naye. Hapakuwa na haja ya kuwafundisha, walikuwa wameicheza dansi hiyo kila siku ya maisha yao ya kazi bila bendi. Watu wakapiga makofi mahali pasipopigwa makofi, na bendi, ambayo ilipaswa kumaliza, ikarudia. Filimbi aliruka kutoka nyuma ya pazia akapuliza kwa furaha kama aliyeona bao, kisha akakumbuka kwamba onyesho linaendelea na yuko jukwaani, akarudi kinyumenyume.

Siku ya pili mawingu hayakurudishwa. Bwana Hisia aliipokea habari kiungwana, akasema amehisi kitu. Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika kwamba dansi ile "inauhoji mwili wa kazi katika mustakabali wake", nami nikamsomea Mama, naye akauliza maana yake.

"Kwamba umependeza," alisema Kiguunanjia.

"Sasa si angesema hivyo."

Tangu hapo dada ametunga dansi za kila mchezo wa jumba lile, na kwenye mabango jina lake hukaa chini ya la mwongozaji, kwa herufi ambazo Baba huzisoma bila miwani. Vijana waliopita mikononi mwake wanacheza katika majumba ya mbali, na nasikia kule pia watu huambiana kwamba paka wako amechelewa. Goti hulalamika wakati wa baridi. Hakuna anayelisikiliza.

Lakini mimi hukumbuka mlangoni, alasiri ile, watu wanatoka na jua bado lipo. Kiguunanjia alikuja akichechemea waziwazi, kwa mara ya kwanza mbele ya Mama, ile chupa ya maji bado mkononi. Wanawake wa kufulia walimzunguka, kila mmoja akitaka kujua kwa nini yeye hayumo. Akasubiri wamalize. Kisha akamtazama Mama.

"Samahani, Mama. Uliwaleta waje kuniona, na hamkuniona."

"Nani hakukuona?" Mama alimpangusa maji mkononi kwa mtandio ule ule. "Ukinificha goti lingine nitakuvunja la pili. Ila usinifundishe kuona. Wale wote, mpaka yule kijana wa kutafuta miwani, wanakanyaga kwa visigino vyako."

Akamgeukia mtu aliyekuwa akipita, bwana wa watu na mkewe, asiowajua kabisa, akamgusa yule bwana bega.

"Uliwaona wale madobi?"

"Niliwaona, mama. Walikuwa hatari!"

"Wangu," alisema Mama. "Wote."